Usirudie wimbo mzima, rudia pale unapojikwaa

Kama unajifunza ala, lugha, uandishi au kazi ya mikono, jaribu hili: kabla ya kuanza mazoezi, chagua sehemu moja inayokushinda. Moja tu. Ifanyie kazi polepole kwa dakika 20 hivi, simu ikiwa mbali, kisha jirekodi na ujisikilize au ujitazame kesho yake, akili ikiwa imepumzika. Utayaona makosa ambayo jana yalikupita kabisa.

Wengi wetu hurudia tunachokiweza kwa sababu kinafurahisha, na miaka inapita tukiwa palepale. Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin: waliokuwa bora zaidi ndio waliokuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao. Kipaji kina nafasi yake, lakini saa hizo mtu hujitafutia mwenyewe.

Andika pia tarehe na kosa ulilolishughulikia, mstari mmoja unatosha. Kosa lilelile likijirudia wiki tatu, tafuta anayekuzidi akutazame ukifanya, na umwombe akuambie ukweli bila kukuonea haya.