Ibada yenu inaisha saa ngapi?

Mimi ni fundi simu hapa Malindi, kibanda changu kiko karibu na soko. Jumapili ndiye ninayeshika simu ya kanisa letu kule Muyeye. Kwa sababu hiyo wachungaji huniletea skrini zilizopasuka, na wakishalipa huegemea meza na kuniuliza: "Na sisi tufanyeje huko mtandaoni, fundi?" Jibu langu huwa refu, kwa hivyo leo naliandika.

Mwaka 2023, siku zile miili inafukuliwa Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, ukurasa wetu wa Facebook ulipata ujumbe mmoja: "Ibada yenu inaisha saa ngapi?" Nikajibu mbio mbio: saa sita kasorobo, karibu sana. Usiku nilipolala ndipo likaniingia akilini. Yule mtu hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alitaka kujua kama kwetu watu huingia na kurudi makwao. Miili zaidi ya 400 ilitolewa msitu ule, na mahubiri yaliyowavuta wengine kule yalikuwa YouTube, sauti safi, picha safi. Tangu hapo mtu wa huku hulichungulia kanisa kwenye simu kabla ya kukanyaga mlango wake. Andikeni ukurasa wenu mkimfikiria yeye.

Anzeni na mahali. Lile kanisa dogo la Wareno kule Shela, la karne ya 16, ukiliandika kwenye Google Maps linatokea papo hapo na picha tele. Letu lenye watu wanaoimba kila wiki halikuwemo! Kuliweka ni bure, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza mahali palipokosekana. Wekeni picha ya mlango ulivyo, hata kama mabati yana kutu, maana mgeni anatafuta kile atakachokiona akishuka kwenye bodaboda. Andikeni saa ya kuanza na saa ya kuisha, jina la mchungaji, na lugha za ibada. Kama njia ni ile ya "ukifika kwa muuza mkaa kata kushoto", iandikeni hivyo hivyo.

Sasa WhatsApp, maana huko ndiko watu waliko. Nafungua simu za watu kila siku na nawaambia, kinachojaza nafasi si sinema. Ni zile picha za maua zenye mstari wa Biblia na "Asubuhi njema", mia tano, mia saba, hakuna aliyezisoma. Mteja akiniambia "futa uchafu", hizo ndizo za kwanza kuondoka. Kanisa likituma moja kila asubuhi linafundisha watu kulipita.

Tumeni sauti. Dakika moja na nusu, isizidi mbili. Haili bando sana na haihitaji macho. Hapa kwetu wahudumu wa hoteli wengi Jumapili wako zamu, hasa msimu wa watalii, na ibada hawaioni mwezi mzima. Tukituma usiku saa tatu, wakitoka kazini, wanasikiliza kwenye matatu. Kuna bibi mmoja wa kwaya yetu ambaye husimulia kisa cha Biblia kwa Kigiriama, vile angemsimulia mjukuu jikoni, na sufuria inasikika nyuma. Nilitaka kuikata ile sauti ya sufuria, mchungaji akanikataza. Alikuwa sahihi. Sauti ya bibi imefika Kakuyuni, imefika Gongoni, kwa watu wasiotujua kabisa, kwa kutumiana tu.

Jueni pia kwamba ile orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo ina kikomo cha watu 256, na asiyehifadhi namba yenu hapati kitu. Kwa hivyo mgeni akija, mwombeni aihifadhi namba palepale, msikimbilie kumtia kwenye grupu. Grupu la kanisa lenye mabishano ya sare za harusi humfukuza mgeni kabla hajafahamu mwimbo mmoja.

Mubashara ya Facebook sitaisemea sana. Ikiwa mtandao unakatika kila dakika tano, rekodini, kateni dakika tatu nzuri, mziweke jioni. Ila sauti! Simu ikiwekwa karibu na spika kubwa hutoa mngurumo mtupu, na upepo wa kusi ukivuma hamsikiki kabisa. Nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, na muizungushie kipande cha sponji. Mvua ikipiga mabati, acheni kurekodi siku hiyo.

Hapa nieleze kosa langu, kwa sababu liliumiza mtu. Tuligawa unga kwa wajane, nami nikapiga picha na kuziposti na maneno matamu. Mmoja wao ana mwana anayefanya kazi Mombasa. Akaiona picha ya mamake ameshika pakiti ya unga, macho chini, na rafiki zake kazini wakaiona pia. Yule mama hakunigombeza. Alikuja tu kibandani, akakaa, akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza." Niliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa.

Siku hizi twauliza kwanza, na kwa mtoto twamuuliza mzazi, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalitaka vilevile. Anayelia madhabahuni hapigwi picha. Msaada twaonyesha magunia, mikono ya wapakiaji, gari. Wapokeaji tunawaacha na heshima yao.

Na majirani. Kibanda kinachofuatana na changu ni cha Mwislamu, tunagawana stima na chai, na Ramadhani mimi sili mbele yake. Klipu za kubishana dini hupata watazamaji haraka, najua, vijana wetu walishaniomba tuziweke. Nilikataa. Tutamwambia nini jirani Jumatatu?

Jambo linalosahauliwa ni nani anajibu. Ujumbe wa maombi huja saa tano usiku, na ukikaa siku nne bila jibu ni afadhali msingekuwa na ukurasa. Sisi tuna zamu ya watu wanne, laini ni ya kanisa, na mwanamke anayeandika mambo ya nyumbani hujibiwa na mama mchungaji. Aliyoyasema hayapelekwi kwenye grupu la maombi, hata kwa mafumbo. Malindi ni ndogo, watu hujumlisha. Akisema amechoka kuishi, acheni kuandika. Mpigieni simu na muende kwake.

Nywila zijulikane na watu wawili walioaminiwa na wazee wa kanisa. Nimeona ukurasa ukiondoka na kijana aliyekosana na kwaya. WhatsApp iwekeni ile namba ya siri ya tarakimu sita, na mtangaze mara kwa mara kwamba mchungaji haombi pesa kwa ujumbe, kwa sababu matapeli huchukua picha yake na kufungua akaunti nyingine. Namba ya sadaka ikae kwa waumini. Ikiwa kila tangazo la kumkaribisha mgeni lina namba ya kulipia, atasoma hiyo tu.

Wafuasi mimi siwahesabu. Mlangoni tuna daftari, na anayesalimia wageni huuliza, "Umetujuaje?" Wengi hujibu shangazi, jirani, mwenzangu kazini. Jumapili iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alisema ametumiwa sauti na abiria, akauliza yule bibi mwenye sufuria huketi wapi.