Jinsi ya kutengeneza katalogi ya gemu za Ultimate Play the Game, kaseti moja moja

Kama una boksi la kaseti za zamani za kompyuta na unataka kuzipanga vizuri, anza na kampuni ndogo. Mi nilianza na Ultimate, ile ya ndugu wawili Tim na Chris Stamper pale Ashby-de-la-Zouch, mkoa wa Leicestershire, Uingereza, kwa sababu gemu zao za ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Sinclair, unaweza kuziorodhesha zote ukamaliza. Kampuni ilisajiliwa 1982 kwa jina la Ashby Computers and Graphics, gemu ya kwanza Jetpac ikatoka 1983, na gemu za mwisho zenye jina la Ultimate kwenye Spectrum ni Martianoids na Bubbler za 1987. Miaka minne tu na kitu. Mi naishi Leicester, sio mbali na Ashby, kwa hiyo kaseti zao huku bado zinapatikana kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili, ila hata ukiwa Dar au Mombasa sehemu kubwa ya kazi hii unaifanya kwa kompyuta na intaneti.

Hatua ya 1: Amua mstari mmoja ni nini

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mi mwenyewe niliharibu nikarudia kazi ya miezi mitatu. Nilikuwa naandika gemu moja mstari mmoja, yani Sabre Wulf, moja ya gemu zao, mstari mmoja basi. Sasa angalia: Sabre Wulf ilitoka 1984 kwenye Spectrum, kwenye boksi kubwa, bei pauni 9.95. Mwaka 1985 ikaingia kwenye mkusanyiko unaoitwa They Sold a Million pamoja na gemu za kampuni zingine. Ile ya Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani, ikatolewa na kampuni ya Firebird, sio Ultimate. Halafu 2015 ikatokea tena ndani ya mkusanyiko wa Rare Replay wa Xbox One. Ukiweka mstari mmoja, kwenye safu ya "mchapishaji" utaandika nini? Na bei je?

Kwa hiyo kila kitu kilichouzwa dukani na kava lake kinapata mstari wake, hata kama gemu ndani ni ileile. Mi mistari ya gemu moja naifunga kwa namba: ULT-07 ndo Sabre Wulf yenyewe kama kazi, halafu ULT-07a, ULT-07b, ULT-07c ni matoleo yake. Namba ni zangu mwenyewe, we panga unavyotaka, ila ukishapanga usibadilishe katikati ya safari maana picha na mafaili yote yatakuwa yameshabeba hizo namba.

Hatua ya 2: Fungua jedwali, weka safu chache

Excel au LibreOffice, yoyote, ila sevu pia nakala ya CSV, yani faili la maandishi matupu, maana hiyo itafunguka miaka yote. Safu zangu ni hizi: namba, jina kama lilivyoandikwa kwenye kava, mashine, memori inayohitajika, mchapishaji, mwaka uliochapishwa kwenye kava, mwaka ilipoanza kuuzwa, bei, aina ya kifungashio, nimeona wapi, maelezo.

Safu ya "nimeona wapi" usiiruke. Andika "kaseti ninayo mkononi", au "picha ya kava kwenye Spectrum Computing" (tovuti ya orodha ya gemu za Spectrum), au "tangazo kwenye gazeti fulani, mwezi fulani". Ukiwa huna cha kuandika hapo basi hiyo taarifa umeitoa kichwani, na kichwa kinadanganya sana kwenye mambo ya miaka arobaini iliyopita. Acha wazi, utarudi.

Memori nayo ina maana yake. Jetpac, Pssst, Tranz Am na Cookie, zote za 1983, zinaendeshwa na Spectrum ya 16K, yani memori ya kilobaiti 16. Hesabu kidogo: 16K ni baiti 16,384, skrini peke yake inakula 6,912, zinabaki baiti 9,472 kwa gemu nzima na mambo ya mashine yenyewe. Jetpac iko humo ndani yote, roketi, mafuta, maadui, milio. Mi kila nikiiangalia hiyo namba naheshimu kazi ya hawa watu. Lunar Jetman na Atic Atac za mwaka huohuo tayari zinataka 48K, kwa hiyo hii safu inakuonyesha kampuni ilipobadilisha gia.

Hatua ya 3: Weka mifupa ya katalogi

Anza na Spectrum. 1983: hizo nne za 16K, na Lunar Jetman na Atic Atac. 1984: Sabre Wulf, Underwurlde, Knight Lore. 1985: Alien 8 na Nightshade, halafu Gunfright ambayo wengine wanaiandika 1985 na wengine 1986, nitaisema mbele. 1986: Cyberun na Pentagram. 1987: Martianoids na Bubbler. Jumla 16.

Halafu Commodore 64, ambako Ultimate ilikuwa na gemu zake ambazo Spectrum haikuzipata: The Staff of Karnath, Entombed, Blackwyche, Dragon Skulle, Outlaws na Imhotep. Hizi hawakuziandika ndugu Stamper, kwa hiyo kama una safu ya watengenezaji usijaze jina la Stamper kila mstari kwa mazoea.

Usisahau katriji. Zile nne za 16K zilitoka pia kama katriji za ROM za kuchomeka kwenye Interface 2, kifaa cha Sinclair cha kuunganisha na Spectrum, hilo ni toleo lingine kabisa, mstari wake peke yake. Halafu ongeza kompyuta zingine, BBC Micro, Amstrad CPC na MSX, pale utakapoona ushahidi, na Knight Lore usishangae kuikuta Japani kwenye Famicom Disk System, mashine ya gemu ya Nintendo. Mwisho mikusanyiko, kama The Collected Works ya 1988.

Hatua ya 4: Tarehe

Kuna tarehe tatu na zinachanganywa kila siku. Ile ya kwenye kava, ile gemu ilipofika dukani, na ile gemu ilipomalizwa kutengenezwa. Gunfright ndo mfano wa mbili za kwanza: mtu anayefuata mwaka wa hakimiliki wa kwenye kava anasema 1985, anayefuata maduka anasema 1986, wote wana sababu. We andika zote kwenye safu zake, usichague mshindi.

Ya tatu mfano wake ni Knight Lore, na hii nataka uielewe vizuri maana ni moto. Kwa mtu aliyeinunua mwisho wa 1984, Knight Lore ilikuja baada ya Sabre Wulf na ilionekana kama imetoka dunia nyingine, vyumba vimechorwa kwa pembe kama unaangalia kutoka juu kwenye kona, vitu unavisukuma na kuvipanda, mbinu waliyoiita Filmation. Lakini 1988 ndugu Stamper waliliambia gazeti la The Games Machine kwamba Knight Lore ilikuwa imeshakamilika kabla ya Sabre Wulf, wakaificha, kwa sababu wangeiachia kwanza hakuna mtu angenunua Sabre Wulf. Sasa ukipanga katalogi kwa tarehe ya kuuzwa unapata hadithi moja, ukipanga kwa tarehe ya kutengenezwa unapata nyingine. Mi napanga kwa tarehe ya kuuzwa, na hilo la pili naliweka kwenye maelezo, pamoja na nani kasema na lini.

Hatua ya 5: Kava

Ukiwa na kaseti mkononi, toa kava, liskani pande zote kwa dpi 600, na lebo ya kaseti pande zote mbili, hata upande usio na kitu. Soma anwani. Kaseti za mwanzo zimeandikwa The Green, Ashby-de-la-Zouch. Mwaka 1985 jina na gemu za Ultimate ziliuzwa kwa kampuni ya U.S. Gold, wakati Stamper wenyewe wamehamia kampuni yao mpya, Rare, kwa hiyo jina na anwani vinakusaidia kujua umeshika nini. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia Sabre Wulf kwa bei ya toleo la kwanza, boksi lilikuwa la kwanza kweli ila kaseti ndani ilitoka kwenye mkusanyiko, nilijua nilipofika nyumbani nikasoma lebo kwa utulivu. Toka siku hiyo nafungua boksi palepale mezani kwake kabla sijatoa hela.

Bei iliyochapishwa nayo iandike. Gemu za mwanzo zilikuwa pauni 5.50, halafu Sabre Wulf ikaja na 9.95, karibu mara mbili, na lile boksi kubwa. Lengo lilikuwa watu waone thamani ya kununua orijino badala ya kunakili kaseti kwa rafiki.

Hatua ya 6: Isomeshe kaseti

Hii ndo hatua ninayoipenda. Waliokua na radio-kaseti nyumbani wanajua nusu ya kazi tayari. Kwanza angalia kile kipande kidogo cha felti kinachokandamiza utepe, kama kimebanduka usicheze kaseti, kirudishe kwanza. Halafu zungusha utepe mwanzo hadi mwisho na kurudi, na kama ni mzito anza taratibu kwa kalamu ya Bic kama tulivyokuwa tunafanya zamani, usilazimishe mota. Safisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti, iache ikauke.

Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, rekodi mono, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, sevu WAV. Usiweke kichujio chochote cha kupunguza kelele. Sauti isigonge juu, isiwe chini sana.

Sasa sikiliza. Kwanza mlio mmoja mrefu ulionyooka, kama sekunde tano, kisha mkwaruzo mfupi sana ambao umekwisha kabla hujaushika. Huo mkwaruzo ni kichwa cha faili, baiti 17 za taarifa, na ndani yake kuna jina lenye herufi zisizozidi 10. Kimya kidogo, mlio mwingine mfupi, halafu mkwaruzo mrefu, hiyo ndo data yenyewe. Ikiwa ni picha ya kufungulia, zile baiti 6,912, itachukua kama sekunde 40. Ukiwa na Spectrum halisi bonyeza J, itatokea LOAD, kisha Symbol Shift na P mara mbili, halafu Enter, cheza kaseti: pembezoni mwa skrini utaona mistari minene ya nyekundu na samawati wakati wa mlio, ikija data inageuka myembamba, bluu na njano. Na pale juu inaandika Program na lile jina. Jina hilo linakili kwenye maelezo herufi kwa herufi, hata kama limeandikwa vibaya.

Mlio ukisikika mzito kama redio iliyo chumba cha pili, hedi imekaa upande. Kuna tundu dogo karibu na hedi, ingiza bisibisi ndogo, zungusha kidogo sana huku kaseti inacheza, robo ya robo, mpaka mlio uwe mkali na wazi. Mimi kaseti yangu ya Atic Atac ilikataa mara sita, nikazungusha kiasi cha unene wa kucha, ya saba ikaingia yote bila kosa.

Ukishapata WAV safi, fungua audio2tape, programu inayokuja na fuse-utils, inageuza kuwa TZX, faili la kaseti la Spectrum. Halafu tzxlist itakuonyesha vipande vyote na urefu wake, nakili kwenye maelezo. Jaribu faili kwenye emyuleta ya Fuse, programu inayojifanya Spectrum, mpaka gemu ianze kweli, kuona picha ya mwanzo haitoshi. Kwa Commodore 64 tumia emyuleta ya VICE, na jihadhari: faili la kaseti la TAP la Spectrum na TAP la Commodore jina ni moja lakini ni vitu tofauti kabisa, weka folda mbili.

Mafaili hayo ni ya kwako ya kulinganisha na kutunza. Usiyagawe, gemu zina mwenyewe, sasa ni Rare, ambayo Microsoft iliinunua 2002.

Hatua ya 7: Gemu ambazo hazipo

Fungua karatasi ya pili kwenye jedwali hilohilo, iite "zilizotajwa". Mteja wake wa kwanza ni Mire Mare. Ukimaliza Underwurlde kuna milango mitatu ya kutokea, mmoja unakupeleka Knight Lore, mwingine Pentagram, wa tatu Mire Mare. Knight Lore ilitoka, Pentagram ilitoka 1986, Mire Mare haikutoka kabisa. Nimeona orodha za watu wameiweka katikati ya gemu zingine na mwaka kabisa. Ikae karatasi ya pili, na kwenye "nimeona wapi" uandike: mwisho wa Underwurlde, mlango wa tatu.

Hatua ya 8: Linganisha, halafu tunza

Sasa ndo ufungue Spectrum Computing, na Lemon64 ambayo ni tovuti ya gemu za Commodore 64, mstari kwa mstari. Usifanye hivi mwanzoni, utajikuta unanakili tu na makosa yao yanakuwa yako. Mkitofautiana, angalia kava lako tena. Ukiwa sahihi watumie picha, hifadhi hizi zimejengwa na watu waliotuma picha moja moja.

Tunza nakala tatu, moja isikae nyumbani kwako. Kaseti zenyewe zisimame wima, mbali na spika na jua. Yangu bado ina mistari minne yenye "nimeona wapi" tupu, yote ya MSX, na Jumapili hii naenda sokoni.