Iulize kwanza inaongea lugha gani

Laptopu yangu ina RAM ya GB 2 tu, na kwa sataranji Fruit 2.1, injini (programu inayofikiria hatua za mchezo) ya mwaka 2005, inanitosha kabisa: usiku inanichapa kabla chai haijapoa. Ila kuikalisha pamoja na Crafty, injini nyingine, kwenye programu moja ya ubao kulinila Jumamosi nzima, maana nilidhani injini ni injini. Kumbe kila moja ina lugha yake ya kuongea na programu ya ubao.

Lugha zenyewe ni mbili: UCI, iliyotoka mwaka 2000, na ile kongwe zaidi ya WinBoard, au XBoard kwa watu wa Linux. Usibahatishe. Fungua lile dirisha jeusi la amri, ingia kwenye folda ya injini, iwashe kwa jina la faili lake, andika uci, bonyeza Enter. Fruit itajitaja jina, itamtaja mtunzi wake Fabien Letouzey, itamwaga orodha ya mipangilio na kumalizia na uciok. Ukiiuliza Crafty, uciok huipati ng'o. Hiyo ni ya WinBoard. Andika quit, toka.

Programu za ubao za Arena na Cute Chess zinaelewa lugha zote mbili. Kwenye Cute Chess nenda Tools, Settings, kisha Engines, ongeza injini, na pale Protocol weka uci kwa Fruit, xboard kwa Crafty.

Sasa angalia Working Directory, yaani folda inakowashiwa injini, maana hapo ndipo nilipoteza saa tatu. Nilinakili folda ya Crafty kutoka kwenye flashi, nikabadilisha Command (mahali lilipo faili la injini), Working Directory nikaisahau. Nikaweka book.bin mpya, yaani kitabu chake cha hatua za ufunguzi, lakini ufunguzi ukawa uleule wa jana. Crafty hutafuta kitabu chake kwenye folda inakowashiwa, na yangu ilikuwa bado inasoma flashi! Nilipoichomoa ndipo nikashtuka.

Ukiwa unatumia WinBoard yenyewe, ambayo pia ni programu ya ubao, Fruit inahitaji mkalimani: PolyGlot, kazi ya Letouzey huyohuyo. Kwenye faili la mipangilio la PolyGlot (la .ini), EngineDir ni folda ya Fruit, EngineCommand ni jina la faili lake. Halafu WinBoard unaielekeza kwa PolyGlot, si kwa Fruit.

Programu za sataranji za biti 16 za DOS, ule mfumo wa zamani, usihangaike nazo kwenye programu hizi za ubao. Windows ya biti 64 inazikataa katakata. Ziwashe ndani ya DOSBox, programu inayoiga DOS, na ucheze kwenye ubao wao wenyewe, hata kama rangi zake zinaumiza macho.