Kijiji hakisomewi mapato na matumizi? Fanyeni hivi

Wadau wa Chamwino, Bahi, Kongwa, msiishie kulalamika kilabuni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi 3 na mkazi yeyote wa miaka 18 kwenda juu ni mjumbe, sio lazima uwe na kadi ya chama. Mtafuteni msaidizi wa kisheria wa hapo kwenu, wengi wanafanya kazi na mashirika ya haki za binadamu na hawatozi hela, awasaidie kuandika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba taarifa ya mapato na matumizi, mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ana siku 30 kujibu. Kopi yenu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe isomeke, hapo ndo wengi wanazembea kesho anasema hajaona barua. Akikausha, nendeni LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ila hiyo ya pili ni ya serikali.