Kukuza Mbuni Kwenye Ndoo: Hatua kwa Hatua

Mbuni, yaani mti wa kahawa, asili yake ni kichaka cha chini ya miti mikubwa ya msitu, ndiyo maana unaweza kuishi barazani au karibu na dirisha. Kama nafasi ni ndogo, panda aina ya arabika. Inajichavusha yenyewe, hivyo mti mmoja unatosha kuzaa. Aina ya robusta huhitaji jirani wa kuchavushana naye, tena hukua mkubwa. Ukipata arabika fupi kama Caturra, ni bora zaidi.

Hatua ya 1: Mbegu. Kahawa iliyokaangwa haioti. Tafuta matunda mabivu mekundu, yaminye, punje zitoke. Ziloweke usiku kucha, sugua ule utelezi uishe, tupa zinazoelea, kisha zianike kivulini. Panda mapema, kwani mbegu ya kahawa hupoteza uhai upesi.

Hatua ya 2: Kuotesha. Tumia mchanga safi wenye unyevu. Fukia punje kina cha sentimita 1 hivi, upande bapa ukitazama chini. Weka mahali penye joto, kisha subira: wiki 6 hadi 8, na kukiwa na baridi ni zaidi. Usifukue kuchungulia! Mche ukitoka utauona umebeba punje yake kichwani, bado imevaa ganda. Usilibandue kwa kucha, utang'oa majani yaliyo ndani. Nyunyizia maji tu, lilainike, litaanguka lenyewe.

Hatua ya 3: Kuhamishia. Hapa ndipo naomba uwe makini kuliko popote pengine. Mbuni una mzizi mkuu unaoshuka wima, na ukikunjwa siku ya kupanda, mti utadumaa miaka mingi bila wewe kujua sababu. Kwa hiyo chagua chombo kirefu kuliko kipana. Toboa shimo refu kwa kijiti, shusha mche, kisha uvute juu kidogo ili mzizi unyooke kabla ya kushindilia udongo. Mzizi uliopinda kama ndoana utupe pamoja na mche wake, hata kama majani yanapendeza.

Udongo: sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji iliyooza vizuri, 1 ya mchanga. Mbuni hupenda uchachu kiasi, pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6.5, kwa hiyo usitie majivu wala chokaa. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi udongo umepoteza uchachu huo na mti hauwezi kufyonza madini ya chuma. Ongeza ukubwa wa chombo kidogo kidogo hadi ndoo ya lita 20 au zaidi, yenye matundu chini.

Hatua ya 4: Mwanga na maji. Jua la asubuhi ni zuri, la mchana huunguza majani. Joto la nyuzi 18 hadi 24 ndilo linaloufaa zaidi. Mwagilia udongo wa juu ukianza kukauka, na usiache maji yatuame kwenye kisahani.

Hatua ya 5: Kupogolea. Mti ukifika kimo cha kifua, kata kilele. Ondoa maotea yanayochomoza kwenye shina. Matawi ya pembeni yaache, ndiyo yanayozaa, na huzaa zaidi pale palipokua msimu uliopita. Wadudu wadogo waitwao vidugamba wakijificha chini ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Hatua ya 6: Maua na matunda. Tarajia maua mwaka wa 3 au wa 4. Vichipukizi vya maua vikishatokea kwenye vifundo, punguza maji kwa wiki chache, lakini mti usinyauke kabisa, kisha mwagilia kwa wingi. Vikiwa vimekomaa, baada ya siku kama 10 hufunguka vyote pamoja, vyeupe, vikinukia kama yasmini, na hunyauka baada ya siku chache. Matunda huiva kwa miezi 7 hadi 9, lakini si yote kwa mpigo, kwa hiyo chuma mekundu tu na urudie kila wiki. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa huhitaji kilo 6 au 7 za matunda, na mti wa ndoo haufiki huko: utakupa vikombe vichache kwa msimu.