Jinsi ya kusajili UDI ya kifaa tiba kwa soko la Marekani

Vifaa tiba vingi vinavyouzwa Marekani, hata vikitengenezwa Mombasa, lazima viwe na UDI (namba ya pekee ya kukitambulisha kifaa) kwenye lebo na viandikishwe katika GUDID, hifadhidata ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko. Kanuni yake ilitoka Septemba 2013. Akaunti ya GUDID ni bure. Gharama iko kwenye kununua namba.

UDI ina sehemu mbili. DI humtambulisha mwenye lebo (kampuni ambayo lebo ni yake) na modeli. PI hubeba bechi, namba ya kifaa kimoja kimoja, tarehe ya kutengenezwa au ya kuisha muda. GUDID haihifadhi bechi zako: inauliza tu ni PI zipi zimo kwenye lebo. Bechi inafuatiliwa hospitalini, kwa skana.

Anza na namba. Zinatolewa na mashirika ya GS1, HIBCC au ICCBBA (hili ni la damu, tishu na seli). Ya GS1 ina tarakimu 14, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua 00614141999996: tarakimu 13 za kwanza zidisha kwa 3, kwa 1, kwa 3, hivyo hivyo kuanzia kushoto. Jumla ni 144. Kufika 150, kumi kamili inayofuata, zimebaki 6, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Boksi la vifaa 10 lina DI yake, tofauti na ya kifaa kimoja.

Kisha lebo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. UDI huonekana mara mbili: msimbopau, na maandishi yanayosomeka kwa macho:

(01)00614141999996(17)270331(10)A213B1

Hapo (01) hutangulia DI, (17) tarehe ya kuisha muda na (10) bechi. Mabano ni ya maandishi tu, usiyaingize kwenye msimbopau. Bechi haina urefu maalum, kwa hiyo iweke mwisho. Ukiitanguliza mbele ya tarehe bila alama ya kutenganisha, FNC1, skana itasoma bechi A213B117270331, na tarehe itapotea humo humo. Tarehe iliyochapwa peke yake kwenye lebo iandikwe 2027-03-31, si 31/03/27. Kifaa kinachotumika tena baada ya kusafishwa kwa kawaida kinahitaji UDI kwenye mwili wake pia, kwa sababu lebo ya boksi hutupwa siku ya kwanza.

Kabla ya kuomba akaunti, pata namba ya DUNS, ya kuitambulisha kampuni, tarakimu 9. Jina lililosajiliwa DUNS lifanane na jina la kampuni kwenye lebo. Tofauti ndogo tu hukurudisha nyuma. Teua pia mwakilishi wa kampuni kwa masuala ya kanuni na mratibu wa akaunti. Mratibu ndiye atakayewafungulia waingiza data.

Sasa jaza rekodi: jina la biashara, modeli, idadi ya vifaa kwenye pakiti, msimbo wa GMDN (wa aina ya kifaa), namba ya kibali cha soko kama kipo, usalama ndani ya mashine ya MRI, mpira asilia, utasa (kutokuwa na vijidudu), matumizi ya mara moja. Ihifadhi kama rasimu, mwenzako aikague akiwa na lebo mkononi.

Ukishachapisha una siku 30 za kusahihisha. Zikiisha, sehemu kama modeli, idadi na utasa hufungwa. Kosa la idadi hapo ni DI mpya na lebo mpya. Basi ndani ya siku hizo chukua lebo iliyotoka kiwandani, si ile ya kwenye kompyuta, iskani na uilinganishe na rekodi tarakimu kwa tarakimu.