Jicho la dalia liko shingoni

Mwaka wa kwanza nilipanda vipande 14 vya dalia, ua la bustani linaloota kutoka kwenye kiazi, na hakikuota hata kimoja. Na mimi nilikuwa nauza viazi mviringo vya mbegu hapa Uyole, Mbeya, tangu binti yangu yuko darasa la pili, kwa hiyo nilijiona fundi. Nilichukua viazi vya dalia nilivyopewa, nikavikatakata kama unavyokata kiazi kikubwa cha mbegu ukitaka kiende mbali, nikaviacha vikauke kidonda, nikavifukia. Wiki ya sita uvumilivu ukaisha, nikafukua. Vipande vilikuwa vizima, vinene, vimetoa hata vijizizi vyeupe. Chipukizi hakuna.

Nikarudi kwa mzee aliyenipa, mtunza bustani wa misheni moja huko Rungwe. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mwanangu, umeshamwona mtu wa Kyela anapanda muhogo wenyewe?"

Hilo swali ndilo somo lote la dalia. Kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya udongo, ndiyo maana kina macho mwili mzima. Kiazi cha dalia ni mzizi ulionenepa, na mwili wake ni ghala la chakula tu. Jicho liko juu kabisa, pale shingo ya kiazi inaposhikana na kitako cha shina. Kiazi kisicho na kipande cha kitako hicho ni kipofu. Kiwe kikubwa kama ngumi, kiwe na afya ya kutamanisha, kitakaa ardhini msimu mzima na hutaona jani.

Kupanda si kugumu, nitakupitisha haraka. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba, kwa hiyo mimi napanda wiki ya mwisho ya Oktoba au mvua za kwanza zikishagusa. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Shimo liwe na kina cha sentimita 10 hadi 15, kiazi ukilaze ubavu, jicho litazame juu, na kutoka mmea hadi mmea uache sentimita 60. Udongo wa Uyole ni wa volkano, mwepesi, unapitisha maji, hauna shida. Ndugu zangu wa Tukuyu ambao mvua kwao ni jirani wa kila siku, inueni matuta kabisa, la sivyo mtakuwa mnapika uji chini ya ardhi. Usimwagilie mpaka uone chipukizi. Kiazi kina maji yake ya kutosha, na kilichokwisha oza hakirudi.

Fito isimikwe siku hiyohiyo ya kupanda. Ukisubiri mpaka mmea ulale ndipo uje na fito, utaipitisha katikati ya kiazi usichokiona. Mimi naagiza mianzi kutoka upande wa Njombe, kule wanakogema ulanzi, kwa sababu mwanzi mkavu unanifikisha misimu mitatu. Kamba natumia vipande vya vitenge vilivyochakaa. Katani inakata shina upepo ukivuma.

Mche ukifika urefu wa goti, ukiwa na majani jozi nne, ukate kichwa. Najua inauma. Mara ya kwanza nilishika mkasi nikaurudisha mezani mara mbili. Lakini usipokata utapata mti mmoja mrefu wenye ua moja juu kama bendera ya shule, na ukikata utapata matawi manne hadi sita, kila moja na maua yake. Samadi iwe imeoza vizuri. Urea achana nayo: utapata majani ya kuvutia, maua machache, na viazi laini visivyotunzika. Vichomoza, yaani maua ambayo hayajafunguka, vikianza nanyunyiza jivu la kuni kuzunguka mmea, basi.

Maua yaliyozeeka yaondoe, ndipo mmea uendelee kutoa mengine. Hapa wageni wengi wanakata kichomoza wakidhani ni ua lililokwisha, maana vyote viwili vimefumba na vyote ni vya kijani. Kishike kwa vidole. Kichomoza ni cha mviringo na kigumu kama kifungo cha koti. Ua lililokwisha limechongoka kama ncha ya penseli, na ukilibinya linatoa maji. Na ukikata ua la kuweka mezani au la kupeleka kanisani, kata asubuhi, liwe limekwisha funguka robo tatu au zaidi. Dalia ikishakatwa haiendelei kufunguka kama waridi.

Wadudu wapo. Konokono na koa wanakula chipukizi usiku, nenda na tochi uwaokote. Vidukari wanatulia chini ya majani na ndio wanaosambaza ugonjwa wa virusi, huo nitaurudia. Lakini adui wangu mimi ni fuko. Fuko wa Uyole amekulia kwenye viazi, amefuzu. Unaona mmea umesimama vizuri leo, kesho umelegea, ukiushika unakuja mkononi mwako kama umechomekwa, chini hakuna kitu. Nimejaribu pilipili, nimejaribu kinyesi cha mbwa, nimejaribu kuzika chupa zinazopiga mluzi kwa upepo. Kilichofanya kazi ni wavu wa kuku. Nakunja kama kikapu, nazika na kiazi kiko ndani yake. Mbegu ninazozipenda zote ziko gerezani hivyo.

Aprili siku zinapozidi kufupika, mmea unaanza kunenepesha viazi chini. Mei mvua zinakata. Usiendelee kumwagilia kwa huruma, uache uchoke. Juni au Julai kuna asubuhi utaamka ukute majani yamekuwa meusi kwa baridi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Usiogope. Viazi viko chini, baridi yetu haivifikii huko. Kata mashina, bakiza kama kiganja kimoja juu ya ardhi, kisha usiguse kwa wiki moja. Wiki hiyo ni ya thamani: mmea ukikosa kichwa unaamsha macho, yanavimba kidogo, na siku ya kugawa utayaona.

Kuchimba ni kwa jembe la uma. Anza mbali na shina, sentimita 30 kila upande, zunguka ukilegeza, halafu inua kutoka chini kwa mikono miwili kama unavyombeba mtoto mchanga. Usivute shina. Shingo ya dalia ni nyembamba, na ikivunjika, hata kama ngozi imeshikilia, kiazi hicho kimekwisha kuwa kipofu. Pindua bonge zima la viazi kichwa chini kwa siku moja kivulini. Shina la dalia ni bomba, lina maji ndani, na maji hayo yakibaki yanaozesha kitako chenye macho, yaani sehemu pekee unayoihitaji.

Sasa kaa chini. Mimi nakaa kibarazani, jua la saa nne, beseni la maji upande mmoja na kopo la jiki upande mwingine: kipimo kimoja cha jiki kwa maji vipimo tisa. Kila nikimaliza bonge moja, kisu na mkasi vinaingia kwenye kopo kabla ya kugusa bonge linalofuata. Majirani wananiona nina mbwembwe. Wana haki, lakini kisu kinachotoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima kinabeba ugonjwa, kwa dalia kama kwa watu.

Osha bonge taratibu mpaka uone kitako. Geuza kwenye mwanga. Jicho ni kinundu kidogo kama kichwa cha kiberiti, mara nyingine la waridi, mara nyingine la kijani au jeupe, limekaa kwenye mshono ambapo shingo inakutana na shina. Usipoliona, usilibuni. Rudisha bonge kwenye maranda yenye unyevunyevu, weka mahali pa joto, rudi baada ya wiki mbili. Mimi nikishaliona naliwekea nukta ya kalamu ya wino hapohapo, kwa sababu ukigeuza bonge mara tatu unasahau.

Bonge kubwa lipasue kwanza katikati ya shina, kwa msumeno mdogo kama shina limekomaa. Mkono utapata nafasi. Kisha toa kiazi kimojakimoja, kila kimoja kikiondoka na mwili wake, shingo nzima, na kipande cha kitako chenye jicho. Kimoja kikikosekana kati ya vitatu hivyo, tupa. Ukubwa usikusumbue. Nimepata mmea wa kufika kifuani kutoka kwenye kiazi kisichozidi betri ya rimoti. Kile cha zamani ulichopanda mwaka jana, kikavu na cheusi kuliko wenzake, mimi nakitupa, kimeshafanya kazi yake. Na kama viazi viwili vinagombea jicho moja, usiwe na tamaa, viache pamoja. Tamaa ya kutoa kumi na mbili kwenye bonge la nane ndiyo iliyoniachia vipofu wengi kuliko fuko.

Vidonda navipaka jivu kavu, naviacha kivulini siku mbili. Kisha boksi la karatasi, maranda makavu, viazi visigusane, na boksi linakaa stoo, mbali na jiko. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni jeneza. Kila wiki mbili nafungua: kilicholainika kinatoka kabla hakijawaambukiza wenzake, kilichosinyaa kinanyunyiziwa maji kidogo kwa vidole.

Jina andika kwenye kiazi chenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Lebo zinadondoka, viazi vyote vinafanana. Nina "Chai ya Maziwa", nina "Kitenge", nina "Padri" ambayo majani yake ni meusi na ua ni jekundu. Kuna binti aliniambia Padri ni ile ambayo Waingereza wanaiita Bishop of Llandaff. Inafanana, nakubali, lakini siiuzi kwa jina hilo, kwa sababu sijui ilikotoka kabla ya misheni. Na mtu akikuuzia mbegu ndogo za punje akasema zitatoa Chai ya Maziwa, mwambie mbegu ya dalia haifuati mama. Kila punje inazaa ua la kwake. Ni mchezo mzuri, nami naucheza kila mwaka kwenye tuta moja, lakini anayetaka ua lilelile anahitaji kiazi, au kikonyo kilichokatwa kwenye chipukizi changa na kuoteshwa mchangani.

Kwa bahati nzuri viazi viko nje ya ardhi wakati wa Nane Nane, na viwanja vya John Mwakangale viko karibu nami. Wiki ile ndiyo tunabadilishana. Wenzangu wa kikoba wanakuja na zao, na wanakuja watu wa Makete, Mufindi hata Sumbawanga. Utaratibu wetu ni kiazi kwa kiazi, bila kujali ukubwa, na anayetaka kununua mimi natoa kwa shilingi 3,000. Kabla ya kupokeana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake jicho. Sheria hii tuliiweka kwa sababu yangu. Kuna mtu nilimlipa kwa simu viazi sita vya zambarau, kila kimoja 5,000, akatuma viazi vikubwa, visafi, vinang'aa. Vyote sita vipofu. Nilipompigia akasema nilimwagilia vibaya.

Usimpe mtu kiazi cha mmea uliodumaa, au ambao majani yake yalikuwa na michirizi ya njano ikifuata mishipa. Huo ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa, na uko ndani ya kila kiazi cha bonge hilo. Nilikuwa na nyeupe moja ya namna hiyo, niliipenda, niliilinda misimu miwili nikijidanganya ni njaa ya mbolea. Iliniambukizia tuta zima. Ng'oa, choma. Vilevile ukiona kwenye kitako uvimbe wenye vinundu kama koliflawa, au vichipukizi vingi vidogovidogo vilivyobanana, usigawe. Na wenye ndugu nje ya nchi, viazi haviingizwi kwenye sanduku la nguo: ombeni kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Wa mbali nawatumia kwa basi kutoka stendi ya Nane Nane. Boksi lenye matundu, maranda makavu, nampa kondakta mwenyewe na kumwomba lisikae karibu na injini. Mwaka juzi nilimtumia dada mmoja wa Makambako viazi vinne vya Chai ya Maziwa. Hakuwepo, mama mkwe wake akapokea. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na sauti ya mtu mzima: "Ndaga fijo mwanangu kwa zawadi. Ila hivi viazi vyako mbona havina ladha? Nimeviweka kwenye maharage, hata chumvi havishiki." Nikamwuliza kama ana nafuu. Alikuwa mzima kabisa, na sikushangaa, maana dalia asili yake ni Mexico na watu wa kale huko walikuwa wanavila viazi vyake.

Nilimtumia mkwe wake vingine vinne. Safari hii niliandika juu ya boksi kwa wino mwekundu, pande zote sita: MAUA. USIPIKE.